Lipidema: miguu yangu ilikuwa inauma, na njaa haikuwa dawa

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka mitatu siku ile alipokuja mbio anaita shangazi shangazi akanirukia mapajani, na mimi badala ya kumkumbatia nikapiga ukelele nikamsukuma. Hakuumia, ila alinitazama kwa ile sura ya mtoto asiyejua amekosa nini, midomo inaanza kutetemeka, nami nimeshika paja machozi yananitoka. Kigoti chake tu ndo kilikuwa kimenigusa. Kesho yake pale pale palikuwa na alama ya damu kuvilia, pana kama kiganja, zambarau iliyokolea.

Naanza na hiyo kwa sababu miaka yote niliyozunguka na miguu hii, kabla sijajua kwamba ni lipidema, ugonjwa wa mafuta ya chini ya ngozi yanayouma, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama inauma. Waliniuliza nakula nini, nakula saa ngapi, natembea kiasi gani kwa siku, nimejaribu kuacha hiki na kile. Maumivu hakuna aliyeyataja. Na mi mwenyewe sikuyataja kwa sababu nilidhani ndo miguu ilivyo, nilidhani kila mwanamke ukimbonyeza paja anaumia hivyo hivyo na usiku miguu inamjaa uzito kama imefungwa mawe.

Mambo yalianza nilipovunja ungo. Nilikuwa binti mwembamba tu, halafu ndani ya kama mwaka mmoja na nusu hipsi, makalio na mapaja vikabadilika kabisa wakati juu nimebaki vile vile, yaani blauzi navaa saizi moja na suruali navaa saizi tatu mbele, ukiniangalia nimekaa mezani unaona mtu mmoja nikisimama unaona mwingine. Watu walisifia mwanzoni, umbo umbo, mpaka miguu yenyewe ikaanza kuwa mizito huku chini na kigimbi kikashuka moja kwa moja hadi kwenye kifundo bila kupungua. Hapo ndo sifa zikaisha na ushauri ukaanza.

Nikafanya kila nilichoambiwa. Kuna mwaka nilipunguza kilo 19, nilikuwa nalala na njaa, naamka na njaa, naona kizunguzungu nikiinama, na kilo zikatoka kweli, ila zilitoka usoni, shingoni, kifuani, kiunoni. Mashavu yakabonyea mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Miguu? Ikawa ile ile, na kwa sababu juu nimekonda basi ikaonekana mikubwa kuliko mwanzo. Nilisimama mbele ya kioo siku hiyo nikasema basi mimi nina kasoro fulani ya nidhamu ambayo wenzangu hawana, na hilo wazo nililibeba muda mrefu sana, ndo maana naandika hapa leo kwa mtu ambaye bado amelibeba.

Kliniki moja wakanipa vidonge vya kutoa maji mwilini. Nilikimbilia chooni siku nzima, mdomo mkavu, misuli inabana usiku, miguu iko pale pale. Nyingine waliandika tu kwenye faili punguza uzito wakaniambia nirudi nikipungua. Baada ya ujauzito wa kwanza miguu ikaongezeka tena na sehemu za juu ya mikono nazo zikaanza, na hapo kwakweli nilishakata tamaa ya kwenda popote.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyeenda kwake kwa ajili ya goti. Goti tu. Akaniambia nivue suruali nisimame, akanyamaza akiangalia, halafu akaniomba nikae akapiga magoti chini na akaanza kufanya vitu ambavyo hakuna aliyewahi kunifanyia. Kwanza aliishika ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu akajaribu kuinyanyua kwa vidole viwili kama mtu anayechuna, ikanyanyuka vizuri. Halafu akabonyeza muundi kwa kidole gumba akahesabu sekunde kadhaa akaachia, hakukubaki shimo. Akanionyesha kifundo changu. Pale juu ya kifundo nyama inaishia ghafla kama bangili, kuna ukingo kabisa, na chini yake nyayo ni nyembamba na mishipa inaonekana. Akasema mguu wako umevimba lakini nyayo haijavimba, umeshawahi kuliona hilo? Nililiona kila siku maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba lina maana. Akapitisha vidole pembeni ya paja polepole, chini ya ngozi kuna vipunje vipunje kama shanga zimemwagwa ndani ya mto, na alipobonyeza kidogo nikaruka. Akaacha hapo hapo akasema pole, kisha akauliza maswali matatu: inauma hivi siku zote? Unavilia damu bila kujua umejigonga wapi? Mama yako miguu yake ikoje?

Nilipojibu hilo la tatu ndo nikaanza kulia. Maana mama miguu yake ni hii hii, na bibi mzaa mama vile vile, na kwetu tunasema tu ni miguu ya ukoo.

Akasema jina, lipidema, wengine wanaandika lipoedema. Akaniandikia barua nikaenda kwa daktari wa mishipa ya damu akathibitisha, na alithibitisha kwa kuangalia na kugusa na kuuliza, kwa sababu hakuna kipimo cha damu wala picha inayosema ndiyo au hapana, vipimo vingine alivyoagiza vilikuwa vya kuondoa mambo mengine kama tezi ya shingo, figo na vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo.

Sasa hii kitu ni nini hasa. Ni mafuta ya chini ya ngozi pamoja na tishu unganishi yake kukua isivyo kawaida, pande zote mbili sawa sawa, kwenye hipsi, makalio, mapaja, migimbi na kwa wengi hata mikono, huku nyayo na viganja vikiachwa. Inawapata karibu wanawake pekee, inakwenda kwenye koo, na mara nyingi inajitokeza au inaongezeka pale homoni zinapobadilika, yaani kuvunja ungo, ujauzito, ukomo wa hedhi. Ukiangalia maisha yangu na ya mama ni kama mtu alituandika. Na sio kitu kipya, madaktari wawili wa Mayo Clinic kule Marekani, Allen na Hines, waliieleza na kuipa jina mwaka 1940, na mwaka 1951 wakatoa tena maelezo ya wagonjwa 119 pamoja na mwenzao Wold. 1940! Mama yangu alikuwa hajazaliwa. Ila kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani imepata namba yake yenyewe katika toleo la 11 tu, lile lililoanza kutumika 2022, kabla ya hapo daktari alikuwa hata hana mahali pazuri pa kuiandika. Hasira niliyoipata siku nilipojua hizo tarehe mbili sijui niieleze vipi.

Inachanganywa na vitu viwili. Cha kwanza ni unene wa kawaida, na tofauti ni kwamba mafuta ya unene hayaumi, yanakaa na tumboni, na ukipunguza kula yanapungua kote kote, haya ya lipidema yanang'ang'ania. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, wengi wetu tunavyo, na hapo ndo inakuwa rahisi kuambiwa ni kula tu. Cha pili ni limfedema, ambayo ni njia za limfu, vile vijishipa vinavyokusanya maji kwenye tishu na kuyarudisha kwenye damu, kushindwa kuondoa maji, hiyo inaweza kuwa mguu mmoja zaidi ya mwingine, nyayo na vidole vinavimba, na ile ngozi ya kidole cha pili hainyanyuki. Kwa hiyo alipokuwa anachuna ngozi yangu alikuwa anatenganisha hivyo viwili. Jina lenyewe nalo linapotosha, kwa sababu limebeba neno edema, yaani uvimbe wa maji, na wataalamu wa Ulaya waliokaa pamoja wakatoa msimamo wao mwaka 2020 wanasema wazi kwamba shida kuu hapa sio maji. Ndo maana vile vidonge havikunisaidia kitu. Huwezi kukojoa mafuta.

Najua wengi wanasoma hii wakisubiri nizungumzie upasuaji. Upo, unaitwa liposakshen, yaani kunyonya mafuta kwa mrija, kuna wanawake umewasaidia maumivu na siwezi kuwasema, ila mi sikufanya na sio mpango wangu, kwa sababu zangu za kiafya na kwa sababu kuna mambo mengi ya kufanya kabla ya hapo ambayo hakuna aliyekuwa amenipa. Na hata anayepasuliwa bado anatakiwa kujua haya, wengi wao wanaendelea kuvaa soksi za kubana. Kwa hiyo naandika kuhusu haya.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni swali. Yule fizio aliniambia tuache kupima mguu kwa macho, tuupime kwa kazi. Nikaanza daftari, kila jioni mistari mitatu: maumivu leo ni ngapi kati ya kumi, nimesimama au kutembea muda gani kabla haijawa mizito, nimelala vipi. Wiki ya kwanza wastani wa maumivu ulikuwa 7. Sikuandika kilo wala saizi ya paja. Usidharau hili, bila daftari nisingejua nini kinafanya kazi maana mabadiliko ni ya polepole na akili inasahau.

Halafu soksi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanakosea na wanaacha, mi mwenyewe nilikosea. Soksi za kwanza nilinunua kwa kukisia saizi, zile za kawaida laini zinazofumwa kwa mduara kama bomba lisilo na mshono. Ziliishia juu kidogo ya goti na kila nikikaa zinajikunja zinakuwa kama kamba, jioni nikizivua kuna mfereji mwekundu umezunguka mguu na unawasha, nikazitupa nikasema hizi sio zangu. Kumbe kwa miguu yenye mikunjo na umbo kama letu kuna aina nyingine, zinafumwa bapa halafu zinashonwa, zina mshono nyuma, kitambaa chake ni kigumu zaidi hakinyooki ovyo kwa hiyo hakizami kwenye mikunjo, na zinatengenezwa kwa vipimo vyako mwenyewe sehemu kwa sehemu. Nilipimwa asubuhi mapema kabla mguu haujachoka, kamba ya kupimia ikazungushwa kwenye nyayo, kifundo, kigimbi, chini ya goti, paja sehemu mbili, hipsi. Nguvu yake inatajwa kwa milimita za zebaki kama presha ya damu. Kwa viwango vya Kijerumani daraja la kwanza ni 18 hadi 21 na daraja la pili ni 23 hadi 32, na mi nilianza na la kwanza kwa sababu miguu ilikuwa inauma sana, nikahamia la pili baadae. Hamna sheria kwamba kali zaidi ndo bora. Iliyo bora ni ile utakayoivaa.

Na kuivaa kwenyewe ni kazi, nisikudanganye. Miezi ya mwanzo ilinichukua dakika 25 jasho linatiririka. Sasa ni kama 6. Nakaa kitandani miguu mikavu kabisa, mafuta ya ngozi napaka usiku tu, navaa glavu za mpira zile za kuoshea vyombo zenye vinundu kwenye viganja, naigeuza soksi ndani nje hadi kisigino, naingiza nyayo, kisigino kikae mahali pake, halafu sivuti kutoka juu, hapana, nasukuma kitambaa kwa viganja kutoka chini kidogo kidogo kama mtu anayelainisha shuka, naangalia mshono uwe umenyooka katikati ya kigimbi. Ukivuta kwa kucha unatoboa, na kitambaa kinarundikana juu kinakubana pabaya. Zinafuliwa kila siku au kila baada ya siku moja kwa sababu kufua ndo kunarudisha nguvu ya kubana, na baada ya miezi kama sita zinakuwa zimelegea unahitaji nyingine. Usiku navua.

Soksi haziyeyushi mafuta. Narudia tena kwa sababu kuna wanaouza kwa maneno hayo. Zinachofanya ni kushikilia tishu isitikisike, na mguu usiotikisika hauumi sana, unaweza kutembea, ukitembea misuli inafanya kazi, misuli ikifanya kazi mguu unakuwa mwepesi. Mi maumivu yalishuka kutoka 7 hadi 5 ndani ya wiki kama nane kwa soksi tu. Ila kabla ya kununua muone mtu wa afya akuangalie mzunguko wa damu, kwa sababu mwenye ateri, mishipa inayopeleka damu miguuni, zilizoziba au moyo uliochoka vibaya zinaweza kumdhuru, na ukiona vidole vinabadilika rangi au vinakufa ganzi vua hapo hapo.

Mazoezi ndo nilikuwa nayachukia kuliko vyote kwa sababu yalikuwa ni adhabu. Kukimbia kwenye lami miguu inapigana, magoti yanalalia ndani, siku mbili zinazofuata siwezi kushuka ngazi. Nikaambiwa niingie kwenye maji. Sio lazima ujue kuogelea, mi nilikuwa natembea tu kwenye bwawa maji yakifika kifuani. Na hapa kuna kitu kizuri ambacho nilipoelezwa nilifurahi kama mtoto: maji yanabana mguu kuliko soksi. Kila sentimita 10 unazoshuka, maji yanaongeza karibu milimita 7 za zebaki, kwa hiyo kama umesimama kwenye maji ya mita 1 huko kwenye nyayo unabanwa kwa karibu 73, halafu inapungua taratibu kadiri unavyopanda juu. Nguvu kubwa chini, ndogo juu, ndivyo hasa inavyotakiwa. Na uzito wako maji yanakubebea, magoti yanapumzika. Nilianza na dakika saba nikitembea mbele na nyuma. Siku ya kwanza nilipotoka nilisubiri maumivu ya kesho yake, kesho yake ikaja hayapo, nikakaa kitandani nikijibonyeza paja kuhakikisha.

Asiye na bwawa karibu sio kwamba amekosa. Kigimbi ni pampu, kila kinapojikaza kinasukuma damu na limfu kurudi juu, kwa hiyo kutembea ukiwa umevaa soksi, baiskeli, hata kusimama jikoni unapanda na kushuka kwa vidole vya miguu inahesabika. Niliongeza na mazoezi ya nguvu ya nyonga na mapaja mara mbili kwa wiki maana wengi wetu viungo vinalegea sana na goti linahitaji misuli ya kulishikilia. Kanuni yangu ni moja: kama kesho yake maumivu yamepanda zaidi ya alama mbili kwenye daftari basi jana nilizidisha, napunguza, sio naacha.

Chakula. Hapa nasema kwa uangalifu kwa sababu najua idadi ya wasomaji ambao chakula kimeshawaumiza. Lipidema haikuletwa na ulafi, na kujinyima hakuiondoi. Hilo liweke pembeni kabisa. Lakini uzito wa kawaida ukiongezeka juu yake, magoti yanaumia zaidi, kutembea kunakuwa kugumu, limfu inalemewa, mwili unakuwa kwenye hali ya kuwaka ndani kwa ndani, kwa hiyo chakula kina kazi yake. Kuna tafiti, nyingi ndogo, za ulaji wa wanga kidogo ambapo wanawake waliripoti maumivu kupungua. Mi nilichofanya sio kali hivyo, nilipunguza sukari na vinywaji vitamu na vyakula vya unga mweupe, nikaongeza protini na mboga kila mlo, nikaacha kuruka milo. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Baada ya miaka ya njaa ilinichukua miezi kuamini kwamba naruhusiwa kushiba. Kilo zilishuka kidogo, saba hivi kwa mwaka, ila maumivu yalishuka mpaka 3 na hiyo ndo namba niliyokuwa naitafuta.

Na ukitaka kujipima, acha ile hesabu ya uzito na urefu, yaani BMI, kwa sababu inahesabu miguu yako kama tumbo. Pima kiuno. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu wako ni dalili nzuri upande wa sukari na moyo hata kama mizani inapiga kelele. Mi mizani niliitoa chumbani.

Kukandwa kwa ajili ya limfu, ile mikono laini inayopita juu juu ya ngozi, njia aliyoianzisha Mdenmark Emil Vodder miaka ya 1930, nimeifanya na naipenda, inatuliza maumivu na usingizi unakuja. Ila haipunguzi mafuta na ukiacha faida inaondoka, kwa hiyo kama huna uwezo wa kuendelea nayo usijione umenyimwa tiba. Inatakiwa iwe laini. Mtu yeyote anayekuambia atakukanda kwa nguvu avunje mafuta mkatalie, utatoka umevilia damu kila mahali, nimeshuhudia mapaja ya mwenzangu baada ya hicho kitu na sitasahau. Krimu za kuyeyusha, chai za kusafisha, mikanda ya kutoa jasho, nimenunua kila kimoja kwa wakati wake na nakuomba pesa hiyo iende kwenye soksi nzuri.

Mengine ni madogo ila yanajumlishika. Ngozi ya kwenye mikunjo naiosha na kuikausha vizuri kabla ya kupaka mafuta kwa sababu ikichanika bakteria wanaingia. Joto linaniongezea uzito wa miguu basi mchana nikipata nafasi naiinua ukutani dakika 15. Safarini nasimama kila saa.

Ila kuna vitu sio vya kukaa nyumbani na soksi, na naomba usome hapa hata kama umeruka kwingine. Mguu mmoja ukivimba ghafla ukauma na kuwa wa moto kuliko mwenzake, inaweza kuwa damu imeganda kwenye vena, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama kuna kukosa pumzi au kifua kubana usisubiri hata saa moja. Wekundu unaosambaa na homa ni maambukizi ya ngozi, nenda. Na nyayo zikianza kuvimba nazo, ile bangili ikapotea, mwambie daktari, huenda limfedema imeingia juu yake na hapo mpango wa soksi na kukandwa unabadilika.

Sijasema kuhusu moyo, namaanisha huu wa hisia. Nilikwenda kwa mshauri kwa miezi minne na nashukuru. Miaka ya kuambiwa huna nidhamu haiondoki kwa kupewa jina la ugonjwa, kuna siku nilikuwa nimekasirika zaidi baada ya kujua kuliko kabla. Nilikuwa sipigwi picha mwili mzima tangu nina miaka 17. Maumivu na huzuni vinalishana, nikiwa na wiki mbaya kichwani daftari linaonyesha na miguu imeuma zaidi, haina maana kwamba maumivu ni ya kufikirika, ina maana mwili ni mmoja.

Mama nilimweleza mwisho kabisa. Niliogopa atadhani namlaumu kwa kunirithisha. Nikakaa naye chini sakafuni nikamwomba anyooshe miguu, nikamwonyesha bangili yake na yangu, nikachuna ngozi ya kidole chake cha pili kama nilivyochunwa mimi, ikanyanyuka. Nikamuuliza, mama, inauma? Akakaa kimya. Ana miaka 68. Akasema, mwanangu, tangu nikiwa msichana, nilidhani ni kuchoka. Halafu akaniuliza kwani wewe yako inauma? Hakuwa anajua. Tumekaa nyumba moja miaka ishirini na mbili kila mmoja anaficha maumivu yale yale.

Daktari alimpima mishipa kwanza, iko salama, na soksi zake zimefika wiki iliyopita, daraja la kwanza, rangi ya kahawia aliichagua mwenyewe. Asubuhi napita kumvalisha kabla sijaenda kazini. Jana aliniambia nimpe glavu ajaribu mwenyewe, akafika mpaka katikati ya kigimbi akapumzika, akaendelea, akamaliza, mshono umepinda kidogo upande wa kushoto. Nikataka kuunyoosha akanisogeza mkono, akaunyoosha yeye. Daftari lake liko mezani karibu na miwani, ukurasa wa kwanza ameandika kwa ule mwandiko wake mkubwa: maumivu 8. Jana jioni ameandika 6.